Kikuza Sauti Kinaponyamaza
Namna ya kutafuta kasoro katika kikuza sauti cha gitaa chenye vali

Chombo cha umeme kinapokufa ghafla, watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wako wanaokipiga makofi, na wako wanaobadilisha sehemu moja baada ya nyingine mpaka fedha ziwaishie au chombo kiamke. Mara mojamoja njia hizo hufaulu, na kufaulu huko ndiko kunakozifanya ziendelee kutumika. Lakini hazimfundishi mtu chochote, na aghalabu huharibu hata kile kilichokuwa kizima.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, yaani kukihoji chombo kwa utaratibu mpaka chenyewe kiseme kinaumwa wapi. Tumechagua kikuza sauti cha gitaa kinachotumia vali kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu zake ni chache tena kubwa, zaonekana kwa macho. Pili, karibu kanuni zote zinazokiendesha zimo katika fizikia ya shule za sekondari: kanuni ya Ohm, transfoma, kapasita na usumakuumeme. Mwenye kuelewa namna ya kutafuta kasoro katika chombo hiki ataweza kutumia utaratibu uleule kwa redio, pampu ya maji au mtambo wa umeme wa jua.

VALI NI NINI?

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, na ndani yake mna vipande vya metali. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza vali yenye vipande viwili, kathodi na anodi. Miaka michache tu baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza kipande cha tatu katikati, nacho ni wavu mwembamba wa waya uitwao gridi. Hapo ndipo kazi ya kukuza ishara za umeme ilipowezekana.

Kathodi hupashwa moto na filamenti mpaka ikafikia nyuzi 700 au 800 hivi za Selsiasi. Ikiwa na joto hilo huachia elektroni, na anodi, yenye volteji chanya iliyo kubwa, huzivuta zivuke ombwe. Gridi husimama njiani kama bawabu mlangoni. Volteji ya gridi ikibadilika kidogo tu, elektroni zinazoruhusiwa kupita huongezeka au hupungua kwa wingi. Hivyo ishara ndogo huongoza mkondo mkubwa. Neno "kukuza" basi lisitupoteze: vali haiinenepeshi ishara ndogo, bali huitumia kuongoza nguvu inayotoka katika umeme wa ukutani. Jambo hili tulishike, maana maana yake ni kwamba kikuza sauti kina njia mbili, njia ya ishara na njia ya nguvu. Sauti hutoka pale tu njia zote mbili zinapokuwa wazi.

Transista ilivumbuliwa nchini Marekani mwaka 1947, na baada ya muda ikaziondoa vali katika redio na mashine nyingi. Wapiga gitaa hawakuziacha. Vali inaposukumwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi taratibu, na mkwaruzo unaotokea huwapendeza wanamuziki na wasikilizaji. Ndiyo sababu hata leo vali zingali zikitengenezwa katika viwanda vichache nchini Urusi, Slovakia na China. Na kwa kuwa magitaa ya umeme ndiyo yaliyobeba muziki wa dansi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa, chombo hiki si kigeni kwetu.

MFANO WETU

Tuchukue mfano mmoja halisi: Fender Champ, kikuza sauti kidogo kilichotengenezwa na kampuni ya Leo Fender huko Fullerton, California. Toleo la nusu ya pili ya miaka ya 1950 lilikuwa na vali tatu, kitufe kimoja cha sauti, spika moja ya inchi 8, na nguvu ya wati 5 hivi. Saketi yake imeigwa mara nyingi, hata anayeielewa ameelewa vikuza sauti vidogo vingi. Vile vikubwa vina vali nyingi zaidi, lakini safari ya ishara ni ileile.

Safari hiyo huanzia kwenye nyuzi za gitaa. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa koili, volteji ndogo huzaliwa ndani ya koili kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Volteji hiyo, ambayo mara nyingi ni sehemu chache za kumi za volti, hupita katika kebo na kuingia kwenye vali ya kwanza, iitwayo 12AX7. Ndani ya chupa hiyo moja mna vali mbili kamili. Nusu ya kwanza huikuza ishara, kitufe cha sauti hupima kiasi kinachoruhusiwa kuendelea, kisha nusu ya pili huikuza tena. Kapasita huivusha ishara mpaka kwenye vali ya nguvu, 6V6GT, huku ikizuia mkondo mnyoofu usipite. Mwishoni transfoma ya kutolea hubadilisha volteji kubwa yenye mkondo mdogo iwe volteji ndogo yenye mkondo mkubwa, inayoweza kuisukuma spika.

Njia ya nguvu nayo huanzia ukutani. Umeme hupita kwenye plagi, fyuzi na swichi, ukaingia katika transfoma ya umeme. Transfoma hiyo hutoa volteji ndogo kwa ajili ya filamenti na volteji kubwa kwa ajili ya anodi. Vali ya tatu, 5Y3GT, hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, nazo kapasita za kuchuja huulainisha mpaka ukawa tulivu. Volteji inayopatikana ni zaidi ya volti 300.

HATARI KWANZA

Hapa hatuna budi kusimama. Volti 300 za mkondo mnyoofu huua. Zaidi ya hayo, kapasita za kuchuja huweza kuhifadhi chaji baada ya plagi kuchomolewa, kwa maana kapasita haijui kwamba wewe umekwisha kuchomoa plagi. Nishati iliyomo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uwezo wa kapasita kwa mraba wa volteji. Kapasita moja ya mikrofaradi 16 yenye volti 340 ina nishati ya juli 0.9 hivi. Katika kikuza sauti kikubwa chenye mikrofaradi 100 na volti 450, nishati hiyo hufika juli 10. Chaji ya namna hiyo ikipita kifuani yaweza kuuvuruga moyo.

Kwa hiyo sheria ni hizi. Mwanafunzi asifungue sanduku la kikuza sauti chenye vali. Yale yote yatakayoelezwa katika hatua za nje anaweza kuyafanya mbele ya mwalimu. Kazi ya ndani ni ya fundi aliyefunzwa. Fundi huyo huchomoa plagi, hutoa chaji ya kapasita kupitia resista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati kadhaa na nyaya zilizofunikwa vizuri, kisha huhakikisha kwa mita kwamba volteji imekwisha kabla hajagusa kitu. Inapomlazimu kupima umeme ukiwaka, hutumia mkono mmoja na wa pili huuweka mfukoni, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani.

Sheria nyingine ni ya kukilinda chombo chenyewe: usiwashe kamwe kikuza sauti chenye vali bila spika kuunganishwa. Spika ndiyo mzigo unaopokea nishati kutoka kwenye transfoma ya kutolea. Mzigo usipokuwapo, kila mabadiliko ya ghafla ya mkondo huzalisha volteji kubwa mno katika koili ya kwanza, na volteji hiyo yaweza kutoboa kihami cha waya. Transfoma ikitoboka, kasoro ya shilingi chache imekuwa kasoro ya bei kubwa.

HESABU YA WASHUKIWA

Tuandike sasa sehemu zote zinazoweza kusababisha ukimya. Katika njia ya ishara kuna gitaa, kebo, tundu la kuingizia, nusu ya kwanza ya 12AX7, kitufe cha sauti, nusu ya pili, kapasita ya kuvusha, vali ya nguvu, transfoma ya kutolea na spika. Hao ni washukiwa 10. Katika njia ya nguvu kuna plagi na waya wake, fyuzi, swichi, transfoma ya umeme, vali ya 5Y3GT na kapasita za kuchuja. Hao ni 6. Jumla yao ni 16.

Mtu anayejaribu mshukiwa mmoja baada ya mwingine aweza kuhitaji majaribio 15. Lakini kila jaribio likiwagawa washukiwa katika mafungu mawili yaliyo sawa, 16 watakuwa 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Maswali manne tu! Hii ndiyo siri ya mafundi wazuri, ijapokuwa wengi wao hawajapata kuieleza kwa hesabu. Swali zuri ni lile ambalo jibu lake, liwe ndiyo au siyo, huondoa nusu ya washukiwa.

HATUA ZA NJE

Anza na vitu vya bei rahisi na vinavyosogezwa mara kwa mara, kwa sababu ndivyo vinavyokatika. Jaribu gitaa jingine na kebo nyingine, lakini badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na sauti ikarudi, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Hakikisha kitufe cha sauti cha gitaa lenyewe hakikuteremshwa mpaka chini. Kasoro hii hucheka mafundi wengi. Kebo yaweza kupimwa kwa multimita: waya wa kati uonyeshe karibu omu 0 kutoka ncha hadi ncha, na kati yake na waya wa nje pasiwe na njia kabisa. Itikise kebo huku ukipima, maana waya uliokatika ndani ya mpira huweza kugusana na kuachana.

Spika nayo hupimwa kwa urahisi. Kikuza sauti kikiwa kimezimwa na plagi yake ya ukutani imechomolewa, chomoa plagi ya spika. Gusa ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa nukta moja. Spika nzima hutoa mlio mfupi na karatasi yake hujongea. Multimita itaonyesha ukinzani mdogo kuliko ule ulioandikwa. Spika ya omu 4 huonyesha omu 3 na kitu. Ikionyesha kwamba njia imekatika, koili ya spika imeungua. Rudisha plagi ya spika mahali pake kabla hujawasha tena.

KUSIKILIZA UKIMYA

Sasa washa kikuza sauti, usipige gitaa, uweke sikio karibu na spika. Ukimya una aina zake, na kila aina ni ushahidi.

Aina ya kwanza: taa ndogo haiwaki na vali ni baridi. Washukiwa wote 10 wa njia ya ishara wamekwisha kuachiliwa. Tazama umeme wa ukutani, plagi, fyuzi na swichi. Fyuzi ya kioo iliyokatika ni shahidi mwema: ikiwa uzi wake umeachana tu, yamkini imechoka, ikiwa kioo kimekuwa cheusi au kina madoa ya metali, mkondo mkubwa ulipita, na fyuzi mpya itakatika vilevile mpaka chanzo kiondolewe. Usiweke kamwe fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili transfoma isiungue.

Aina ya pili: taa na filamenti zinawaka, lakini spika haina hata mvumo. Kikuza sauti kidogo cha namna hii, kikiwa kizima, huwa na mvumo hafifu unaosikika kwa karibu. Mvumo usipokuwapo kabisa, basi ama volteji kubwa haifiki, ama mwisho wa njia ya ishara umekatika: vali ya nguvu, transfoma ya kutolea au spika. Vali ya kwanza na kebo si washukiwa tena, kwa kuwa ubovu wao usingezuia mvumo wa vali ya nguvu.

Aina ya tatu: mvumo upo, lakini gitaa halisikiki. Hii ni habari njema, maana njia yote ya nguvu pamoja na mwisho wa njia ya ishara vinafanya kazi. Sasa zungusha kitufe cha sauti polepole. Kama chakacha ndogo inaongezeka unapopandisha sauti, basi kitufe na kila kinachokifuata ni vizima. Kasoro iko kabla yake, na mshukiwa mkuu ni tundu la kuingizia. Tundu hilo lina ulimi wa metali unaoigusisha ishara na ardhi wakati hakuna plagi, ili chombo kisivume bure. Plagi inapoingia, ulimi huachana. Ukipinda au ukiingia uchafu, hubaki umegusa, na ishara yote humwagika ardhini. Kama chakacha haibadiliki hata kidogo, kasoro yaweza kuwa kwenye kitufe au baada yake. Hapo fundi hugonga kidogo chupa ya 12AX7 kwa kijiti kikavu cha mti. Mlio mfupi ukisikika katika spika, walau sehemu moja ya vali hiyo ingali hai.

Tazama jinsi kuwasha, kusikiliza na kuzungusha kitufe kimoja kulivyotupunguzia washukiwa, kabla hata bisibisi haijatumika.

MACHO YANAYOONA

Vali hujieleza kwa macho pia. Karibu na kilele cha chupa huwa pana doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia; hiyo ni metali ya bariamu iliyowekwa imeze mabaki ya hewa. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na vali imekufa. Filamenti yake yaweza kuwaka bado, lakini elektroni hazisafiri tena.

Bamba la anodi likiiva na kuwa jekundu, zima mara moja. Vali inapitisha mkondo kupita kiasi, na mara nyingi kapasita ya kuvusha ndiyo inayovuja. Kuvuja huko si lazima kuwe kwingi. Mikroampea 10 tu zikipita katika resista ya gridi ya omu 220,000 huinua volteji ya gridi kwa volti 2.2, na bawabu wetu hufungua mlango zaidi ya ilivyokusudiwa. Na ikiwa ni gridi ya pili ya vali ya nguvu inayoiva ilhali anodi ni baridi, fundi hushuku koili ya kwanza ya transfoma ya kutolea. Koili hiyo ikikatika, anodi hukosa volteji, na gridi ya pili hubaki peke yake kuzivuta elektroni zote.

MITA INAPOZUNGUMZA

Sehemu hii ni ya fundi, lakini hesabu zake ni za kila mwanafunzi. Tuseme katika nusu moja ya 12AX7 resista ya anodi ni omu 100,000 na resista ya kathodi ni omu 1,500. Upande mmoja wa resista ya anodi mita yaonyesha volti 250, na upande wa pili, penye anodi, volti 170. Volti 80 zimepotea katika resista. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo ni 80 kugawanywa kwa 100,000, yaani miliampea 0.8. Mkondo huohuo hupita katika kathodi, kwa hiyo tutazamie volti 1.2 hapo. Mita ikithibitisha hivyo, vali hii inapitisha mkondo wake kama ipasavyo.

Sasa tuseme anodi ina volti 250 zilezile. Hakuna kinachopotea katika resista, basi hakuna mkondo. Ama vali imekufa, ama haipashwi moto, ama resista ya kathodi imekatika. Na ikiwa anodi ina volti 0 huku upande wa pili wa resista una 250? Resista ya anodi ndiyo iliyokatika. Kwa vali ya nguvu hesabu ni ileile: volti 19 zikionekana kwenye resista ya kathodi ya omu 470, mkondo ni miliampea 40 hivi, kiasi cha kawaida kwa vali hiyo. Volti zikiwa 0, vali haifanyi kazi. Vipimo vikitofautiana na vya mchoro kwa sehemu moja ya kumi, fundi hana haja ya kushtuka.

SAUTI ILIYOPUNGUA

Sauti ndogo ni kitendawili kigumu kuliko ukimya, kwa sababu kila sehemu inafanya kazi, ila si sawasawa. Hapa tufahamu kwanza jambo moja kuhusu masikio yetu. Nguvu ya spika ikipungua kutoka wati 5 hadi wati 2.5, upungufu ni desibeli 3 tu, na wasikilizaji wengi watautambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imepungua nusu, nguvu lazima ishuke kwa desibeli 10 hivi, yaani mpaka sehemu moja ya kumi: wati 0.5.

Fikiria maana yake. Mwanamuziki anayesema "sauti imekuwa nusu" anatueleza kwamba sehemu tisa katika kumi za nguvu zimetoweka. Vali iliyochoka kwa kawaida haifiki huko kwa siku moja. Hivyo mwenye kukimbilia kununua vali mpya yaelekea atatumia fedha nyingi bila kupona. Upungufu mkubwa wa ghafla hutokana na kitu kilichokatika au kilichogusana: kapasita ya kuvusha, resista iliyopanda ukinzani wake mara nyingi, ulimi wa tundu la kuingizia, au miguu ya vali yenye kutu ndani ya soketi. Upungufu unaokuja polepole kwa miezi au miaka ndio unaoelekea kwenye vali zilizozeeka na kapasita za kuchuja zilizokauka, ambazo mara nyingi hujitangaza kwa mvumo unaozidi. Kapasita inayosaidia kathodi ya vali ya nguvu ikikauka, sauti nayo hushuka, ingawa vipimo vyote vya mkondo mnyoofu huonekana sawa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa wa namna hii ni lile la mganga: ugonjwa ulianza lini, na ulianzaje?

UMEME WA UKUTANI

Kuna mshukiwa mmoja ambaye hayumo ndani ya sanduku. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Kikuza sauti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hutazamia volti 120 hivi, mizunguko 60. Kikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha volteji, hupokea karibu maradufu, na fyuzi ikiwahi kukatika ni bahati. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka.

Volteji ndogo nayo ina athari zake. Tuseme mahali fulani volteji imeshuka kutoka 230 hadi 180. Uwiano ni 0.78. Filamenti iliyohitaji volti 6.3 inapata 4.9, na volti 340 za anodi zinakuwa 266. Kathodi haipati joto la kutosha, elektroni hupungua, sauti husinyaa. Chombo ni kizima. Kinachoumwa ni umeme. Pima ukutani kwanza, na kazi hiyo aifanye mwalimu au fundi.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio hili halina hatari, nalo laonyesha kwa nini kapasita huogopwa. Chukua kapasita ya mikrofaradi 1,000 inayostahimili volti 16 au zaidi, resista ya omu 47,000, betri ya volti 9 na multimita ya tarakimu. Unganisha kapasita na betri, chanya kwa chanya, kwa sekunde chache. Ondoa betri, kisha unganisha resista kwenye miguu ya kapasita na uandike volteji kila baada ya sekunde 10. Chora grafu.

Zidisha faradi 0.001 kwa omu 47,000 upate sekunde 47. Baada ya muda huo volteji itakuwa imeshuka hadi asilimia 37 ya ile ya mwanzo, yaani kiasi cha volti 3.3. Matokeo yenu yaweza kutofautiana kidogo, kwa kuwa kapasita hazilingani sawasawa na yaliyoandikwa juu yake. Kisha rudieni bila resista, mkiacha mita peke yake. Mtaona volteji ikikaa muda mrefu. Hebu wazieni sasa kwamba si volti 9 bali 340, na kidole cha mtu ndicho resista.

MWISHO

Fundi anayeanza kwa kubuni hupata jibu kwa kubahatisha, na kesho kasoro ileile humrudia kama mgeni. Fundi anayeuliza, akapima, akaandika, kisha akabadilisha kitu kimoja tu, hujua alichokitenda hata anaposhindwa. Kushindwa kwake huko nako ni maarifa, maana mshukiwa mmoja ameondolewa katika orodha. Walimu wanaweza kuanza na orodha ya washukiwa 16 ubaoni na kuwataka wanafunzi watunge maswali manne. Chombo chochote kibovu kilichoko stoo ya shule chafaa kwa zoezi hilo, maadamu plagi yake imechomolewa na sanduku limefungwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Filamenti ya vali ya 6V6GT hutumia volti 6.3 na ampea 0.45. Tafuta nguvu yake kwa wati, na ukinzani wake inapowaka.

2. Mtambo una sehemu 64 zinazoweza kuwa mbovu. Ukiwagawa washukiwa nusu kwa nusu, maswali mangapi yatatosha?

3. Kikuza sauti kinavuma lakini gitaa halisikiki. Taja sehemu tano ambazo huna haja tena ya kuzishuku, na utoe sababu.

4. Eleza kwa kutumia maarifa ya usumakuumeme kwa nini ni hatari kuwasha kikuza sauti chenye vali bila spika.